Mama Kahambu na Chakula cha Kisiwa cha Rugezera

Mama Léontine Kahambu alikuwa na miaka sitini na saba siku alipopanda pirogi ya moteri pale Bweremana, ukingoni mwa ziwa, amekumbatia sufuria kubwa kama mtu anayebeba mjukuu. Mbele yake alikaa mume wake, Papa Omer Katembo, na mfuko wa vitabu vya sala. Wote wawili ni Wanande wa upande wa Butembo. Walikuwa wameuza vitenge na chumvi Kitshanga kwa miaka thelathini, mpaka vita ikachukua duka, kisha nyumba iliyokuwa nyuma ya duka. Paroko alipouliza nani atakubali kwenda kufundisha dini kwenye kisiwa cha Rugezera, ambako katekista hajawahi kukaa, wao peke yao njo waliinua mikono. Watu walisema ni imani. Ilikuwa imani, ndiyo, lakini pia walikuwa wamelala miezi minane katika hema la wakimbizi, na kule kisiwani kulikuwa na nyumba ya mbao yenye mlango.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukikizunguka kwa miguu asubuhi, unarudi maharagi hayajaiva. Kuna migomba, kahawa kidogo, mbuzi, na familia thelathini na mbili zinazoishi kwa kuvua sambaza, dagaa wa ziwani. Mkubwa wa wavuvi, Papa Sebarenzi, ndiye aliyekuwa akisema nani anakaa na nani anaondoka. Aliwapokea bila kucheka.

"Mutakaa mpaka Noeli," alisema. "Kiisha, tutaona."

Kahambu alijua njia moja tu ya kuingia kwa watu, nayo ni kuwapikia. Juma la kwanza alimpelekea jirani yake Dancille, mama wa watoto wanne, sahani ya mandazi iliyofunikwa kitambaa safi. Dancille aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kesho yake Kahambu akayaona mandazi yale yale yakielea katikati ya matete, samaki wakiyadonoa. Juma la pili akapeleka maharagi, akayakuta chini ya mgomba.

"Wanatudharau," alimwambia mume wake. "Sababu siye Banande."

"Ao mafuta ilikuwa mingi."

"Omer, miaka makumi ine na tatu unakula mafuta yangu."

Siku chache baadaye Dancille naye akaja, na kikombe cha mutobe, ile maji ya ndizi tamu. Akasimama mlangoni, akainua kikombe, akanywa funda moja huku akimtazama Kahambu machoni, akafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, ndipo akamnyooshea. Uso wa Kahambu ukawaka moto. Nyumbani alikolelewa, mgeni anapewa kikombe kilichojaa, ambacho hakijaguswa na mdomo wa mtu. Ukitangulia kuonja chakula chake, umemwambia kwamba yeye ni wa kula mabaki. Alipokea, akangoja Dancille ageuke, akamwaga. Dancille hakuwa amefika mbali. Alisikia mutobe ukianguka kwenye majani.

Tangu siku hiyo milango ilianza kufungwa. Omer akipita kuandika majina ya watoto wa ubatizo, watu waliulizana anayapeleka kwa nani. Kahambu akishuka ziwani kuchota maji, mazungumzo ya wanawake yalikatika. Yeye pia akabadilika. Akawa anaficha chumvi chini ya kitanda, na kila asubuhi alinusa mtungi wa maji kabla ya kunywa.

Katikati ya Desemba mtoto wa Dancille akatapika siku mbili. Alikuwa amekula mapera mabichi, kila mtoto pale alijua, lakini wakubwa hawakuwauliza watoto. Sebarenzi alikuja mwenyewe.

"Mama, huyu mutoto alikula nini kwako?"

"Kwangu hakuna muntu anakula. Munatupa yote ku maji."

Sebarenzi aliitazama sufuria jikoni, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kisiwa yetu iko kidogo," alisema. "Siku ya Noeli, kiisha sala, pirogi itabarudisha Bweremana."

Bweremana hawakuwa na mtu. Kurudi kulikuwa ni kurudi kwenye hema. Omer alisema Mungu ataangalia. Kahambu alimwuliza hema lile lilikuwa limeanza kuvuja upande gani, kushoto ao kuume, akaanza kukunja nguo.

Asubuhi ya mkesha wa Noeli alikuwa ziwani anafua peke yake. Dancille akaja, akaweka beseni lake mbali kidogo. Walifua kwa muda. Kisha Dancille akasema:

"Mama, kesho unaenda. Nikuulize kitu moja, usikasirike. Unatuchukia sababu gani?"

"Mimi?"

"Nilikunywa mbele yako. Nilikuonyesha hakuna kitu ndani. Ukamwaga."

"Ulinipa mabaki yako."

"Mabaki?" Dancille aliacha nguo. "Hapa kwetu, muntu akikupa kitu na hajaonja mbele yako, anataka ufe. Hata mama yangu akinipa maji, anatangulia yeye. Wewe hukuonja hata mara moja. Na ulifunika, tena."

"Nilifunika sababu ya nzi."

Dancille alikaribia kucheka, lakini akajizuia. "Inawezekana unasema kweli," alisema. "Inawezekana pia sivyo." Akachukua beseni lake, akaondoka.

Kahambu alikaa juu ya jiwe mpaka nguo zikaanza kukauka mikononi.

Siku ya Noeli watu kumi na moja walikuja kusali. Sebarenzi alisimama nje, na pirogi ilikuwa imeshatiwa mafuta. Sala ilipokwisha, Kahambu alitandika mkeka pale wavuvi wanapoanika nyavu, akapanga vipande thelathini na viwili vya jani la mgomba, kimoja kwa kila nyumba. Juu ya kila jani akaweka wali, maharagi na sambaza. Hata wasiokuja kusali wakatoka majumbani kutazama. Kisha akakaa chini mbele ya watu wote, akaanza kula. Jani la kwanza, tonge zima. La pili, tonge zima.

"Ile ya pembeni, Mama," mvuvi mmoja aliita. "Unaipita."

"Nitaifikia."

"Kula na kichwa ya samaki. Sumu inapenda kichwa."

Akala na kichwa. Kwenye jani la kumi na tano jasho lilianza kumtoka. Omer akainama.

"Nikusaidie?"

"Wewe hukupika. Toka."

Alipomaliza la thelathini na mbili, mzee Nzabandora akasema: "Tungoje. Iko dawa inaua polepole."

Wakangoja. Wali ukapoa. Watoto walikuwa wameshikwa mikono, macho yao kwenye sambaza. Kahambu alinyoosha mgongo, akapiga mbweu moja kubwa, na wavuvi wawili wakacheka kabla ya kukumbuka kwamba hawapaswi. Alikuwa bado hai, tena amekasirika kidogo.

Dancille akatoka katikati ya watu. Akachukua jani moja, akalinusa, akala. Akamgawia mtoto wake. Baada ya hapo, mkeka haukuonekana kwa mikono.

Sebarenzi alikuja wa mwisho. Alisimama mbele ya jani lililobaki.

"Yangu hii, onja tena."

"Nilishaionja, Papa."

"Sikuona vizuri."

Kahambu akafumba macho, akala tonge la thelathini na tatu. Sebarenzi akalisubiri lishuke, ndipo akalichukua jani, akala amesimama, amewapa watu mgongo. Akamwita mwenye pirogi.

"Mafuta irudi ku nyumba. Hawa habaendi leo."

"Na kesho?" Omer aliuliza.

Sebarenzi alikuwa anatafuna. "Kesho Mama anapika nini?"

Kahambu alikuwa ameegemea nguzo ya nyavu, mkono juu ya tumbo.

"Kesho anapika Omer," alisema. "Na yeye njo ataonja."

Sebarenzi akageuka, akamtazama Omer kutoka miguu mpaka kichwa, kwa mashaka mapya.