Mkuki wa baba mdogo chini ya hadubini

Leo baba mdogo amejileta mwenyewe.

Baba alipofariki, huyu ndiye aliyemtoa mama kwenye nyumba yetu ya Gare. Alidai babu alimwachia mkuki wa ukoo, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kauli.

Sasa, kazi yangu ni kuchunguza mikwaruzo kwenye silaha za kale, nijue zilinolewaje na zilitumikaje. Asubuhi akaja kazini kwangu Lushoto na wazee wa ukoo, ili niwathibitishie kuwa mkuki ni wa kale.

Nikauweka mkuki chini ya hadubini.

Silaha iliyonolewa kwa jiwe huwa na mikwaruzo inayopishana. Huu ulikuwa na mistari mipya, imenyooka, inang'aa.

Mistari ya grinda ya wachomeleaji, na hakuna hata mkwaruzo mmoja wa zamani.

(Nilijibana nisicheke.)

"Baba mdogo, huu umetengenezwa juzi juzi tu."

Akaninong'oneza, "Mwanangu, nisitiri."

Nikawaita wazee waje waangalie, mmoja mmoja. Sikuwa na haraka.

Wa mwisho akamgeukia: "Sasa shemeji yako ulimfukuza kwa kipi?"



Jumamosi mama anarudi Gare. Wazee wenyewe ndio watakaomfungulia mlango.

Nyie mngemsitiri?