Kinoti na Swali la Siku ya Kwanza

Mume wangu Kinoti ni Mmeru, Mkatoliki, na mwalimu wa hesabu hapa Hadado, mji wa wafugaji wa ngamia. Wanaume wengine wakitoka kazini hutafuta mpira kwenye simu. Wangu hutafuta watawa wa Ulaya waliokufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Amejiunga na kozi ya mtandaoni ya falsafa na teolojia ya zama zile. Mtandao ukikubali, anasikiliza mihadhara. Ukikataa, ananisimulia mimi huku ugali ukipoa.

Mwaka huu alianguka mtihani wa kujibu kwa mdomo. Wakampa nafasi moja tu ya kurudia. Akianguka tena, anaondolewa.

Jirani yetu Abdiwali, anayefundisha dini ya Kiislamu shule hiyohiyo, akajitolea kumpinga ili afanye mazoezi. Swali lilikuwa: je, ulimwengu ungeweza kuwapo tangu milele, bila siku ya kwanza?

"Uwezo ya Mungu haina mwanzo," Abdiwali akasema. "Sasa kwa nini kazi yake iwe na mwanzo?"

Kinoti akarukia jibu. Abdiwali akainua mkono.

"Bole bole, mwalimu. Kwetu mtu akikushtaki kwa wazee, unarudia kwanza maneno yake, mbaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, ni hivyo. Halafu ndio unajibu. Wewe hujarudia yangu."

Kinoti akajipiga paji la uso. Watawa wale, akatuambia, nao walikuwa hawajibu hoja kabla ya kuitamka upya. Alikuwa ameisoma kanuni hiyo, akaipita kama mtu anayepita kibao barabarani. Nani aliibeba desturi hiyo kutoka visima vya ngamia hadi Paris, walikofundisha watawa wale? Labda watu wa kila mahali huchoka kutosikilizwa.

Siku ya mtihani nilisimama mlangoni na sufuria mkononi. Padri aliyemtahini kwa video ya simu alitoa hoja ileile ya Abdiwali. Kinoti akairudia taratibu.

"Ndiyo, ndivyo nilivyosema," padri akajibu.

Kinoti akaweka kalamu chini.

"Padri, nikiisikiliza vizuri hoja hii, akili yangu haiwezi kuivunja. Kwamba ulimwengu ulianza, naamini kwa sababu Mungu ametufunulia. Kuthibitisha, siwezi."

Nikajua tumekwisha. Mtu anaulizwa kwenye mtihani, anasema siwezi!

Padri akavua miwani. "Mara ya kwanza uliniletea uthibitisho wa aina tatu kwamba ulimwengu ulianza, zote mbovu. Bingwa mkubwa wa zama zile alifika hapo ulipofika leo, akasimama. Umefaulu."

Kinoti hakushangilia. Alitoka nje akamweleza Abdiwali alivyojibu.

"Masheikh wetu wakifika hapo," Abdiwali akasema, "wanasema *Wallahu a'lam*. Mungu ndiye anajua zaidi."

"Amina," Kinoti akaitikia, kisha akalia, mwanamume mzima, mbele ya jirani. Nami nikalia naye, bila kujua hasa ni kwa nini.