Kitambaa Chekundu cha Fundi Sefu

Bado sijakubali. Asubuhi nimesikia kengele ya baiskeli barabarani nikaita, "Sefu!" Kumbe muuza maziwa.

Fundi Sefu tumemzika jana mchana, hapa Morogoro. Wengi wenu mlikuwepo, na mlicheka sana nilipomtania. Nina neno juu ya kicheko kile.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Nainuka, nakwenda dirishani, narudi. Moyo wangu umechoka na daktari hanifichi tena, kwa hiyo sitasubiri mpaka nitulie.

Kwa msiomjua: alikuwa fundi baiskeli, turubai lake la kazi liko Bigwa, mikono inanuka grisi hata siku ya Idi. Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi, watani. Hatukuwahi kusalimiana bila kutukanana kwanza.

Nilipostaafu kufundisha chuoni nilimpelekea baiskeli kuukuu, nzito, hendeli pana kama pembe za ng'ombe. Niliachiwa na mwalimu mmoja mgeni aliporudi kwao. Nilitaka ipakwe rangi tu.

Sefu akaizunguka mara tatu. "Mwalimu, hii si ya kwendea sokoni. Hii tunaipandisha mlimani."

"Una wazimu wewe."

"Ninao. Shika spana."

Wiki sita! Aling'oa madigadi, keria, taa, kifuniko cha cheni. Akafunga matairi manene yenye meno, akachomelea chuma cha kukaza hendeli, akaweka sproketi kubwa, lile duara la meno linaloshika cheni, nyuma ili miguu yetu ya kizee iweze kupanda.

Breki aliiacha ileile ya zamani: unakanyaga pedeli kinyumenyume, habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, inabana. Kwenye tambarare ni raha. Kwenye mteremko mrefu inapata moto, grisi ya ndani inaungua mpaka inatoa moshi, na baada ya hapo breki si ya kuamini.

Ndiyo maana aliweka sheria. Ukishashuka mlima, unafunga kitambaa chekundu kwenye hendeli. Kikiwepo, hakuna anayepanda mpaka habu ifunguliwe, ioshwe, ijazwe grisi mpya.

Safari ya kwanza ya majaribio tulipanga iwe Jumamosi, kutoka Morningside kule mlimani, na yeye ndiye wa kutangulia. Ijumaa akaenda msibani Mkuyuni. Baiskeli akaniachia nyumbani, habu imejaa grisi, kila kitu tayari.

Jamani, sikuweza kusubiri.

Nilidandia pikapu iliyokuwa inapanda kufuata mboga, nikashuka na baiskeli peke yangu. Ukungu usoni, matuta ya karoti yanapita kushoto na kulia, mzee wa miaka sitini napiga kelele kama mtoto! Nilipofika chini habu ilikuwa inatoa moshi.

Kitambaa nilikuwa nacho mfukoni. Kukifunga ilikuwa sawa na kumwambia kwamba nimemwibia mteremko wake wa kwanza. Niliona aibu. Nikakiacha mfukoni.

Jumamosi, kule juu, Sefu aliitazama hendeli kabla ya kupanda. Nilimwona akiitazama. Haina kitu.

"Mnyamwezi, kazi yako ni kubeba mizigo. Milima tuachie wenyewe!"

"Nenda polepole," nilisema. Ndilo pekee lililotoka.

"Polepole ya nini? Breki hii nimefunga mimi!"

Kona ya tatu breki ikagoma. Nilimkuta korongoni, nyonga imevunjika, hendeli bado ameishikilia.

Hospitalini aliniambia, "Mwalimu, nadhani grisi niliweka kidogo."

Nikamjibu, "Ndiyo kuzeeka huko, Mluguru." Akacheka. Na mimi nikacheka.

Miaka kumi na miwili alichechemea. Lakini mguu si kitu. Tangu siku ile hakufunga tena breki ya mtu. Mteja akija na breki, anamwelekeza kwa fundi wa jirani. "Mikono yangu siiamini siku hizi," anasema, huku anajifuta kwa tambara.

Mtu ambaye breki za nusu ya Bigwa zilipita mikononi mwake!

Sijui ni mara ngapi nilikwenda pale turubaini na maneno yakiwa tayari mdomoni. Ananiwahi kwa utani, namjibu kwa utani, narudi nayo nyumbani.

Jana jeneza lilipokuwa linatoka, mkanisogeza na kiti changu mbele, maana mtani lazima aseme. Nikasema, "Shikeni vizuri! Huyu hana breki, mkimwachia tutamfukuza mpaka Mikese!" Mlicheka wote. Hata mjane wake, Mama Zuhura, alijifunika khanga mabega yakimtikisika.

Sijakaa kitako tangu hapo.

Leo asubuhi nimechukua bajaji hadi kwake, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

Kisha akasema, "Shemeji, mimi umeniambia. Na wale uliowachekesha jana?"

Kama amenisamehe sijui. Sikuthubutu kuuliza.

Basi nawaambia. Sefu hakukosea. Grisi aliweka ya kutosha, breki aliyofunga ilikuwa nzima. Aliyeiunguza ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi. Mafundi wa Bigwa, wateja wake, wanawe: someni mara mbili, mwambiane.

Baiskeli iko hapa barazani kwangu, imejaa vumbi. Kabla ya kuanza kuandika nimeifunga kitambaa chekundu. Fundo limekaa upande, lakini limekaa.

Sefu, mtani wangu, mikono yako ilikuwa sawa siku zote. Lala kwa amani, Mluguru. Mimi niko njiani, na nikifika, salamu iache kwanza. Anza kunitukana.