Povu la Tango

Juzi nilimwona binti yangu akikata ncha ya tango na kuisugua palipokatwa mpaka povu jeupe likatoka, na hofu ya zamani ikanirudia.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja nyumbani kwetu Gashonga, harufu ya maharage ilijaa jikoni. Mama mkubwa, aliyetoka Bukavu kutusalimia, alikuwa akisugua tango vivyo hivyo.

"Angalia, sumu yote inatoka," aliniambia.

Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeiba tango moja kapuni, nikagawana na mdogo wangu Espoir, na sasa alikuwa amelala mkekani. Nikamkimbilia, nikamtikisa. Hakuamka. Kichwa chake kililegea mkononi mwangu, mate yakimtiririka.

"Maman mukubwa, Espoir anakufa!" nikapiga kelele. "Nilimupatia konkombre yenye sumu!"

Mama mkubwa alikuja mbio. Alipoelewa, hakucheka. Aliokota ile ncha yenye povu, akaitafuna mbele yangu huku uso ukimkunjamana.

"Ni buchungu tu, mutoto wangu. Ni mimi nilisema mubaya."

Leo najua alisema kweli. Siku ile sikumwamini. Nilikaa nimeweka kiganja kifuani pa Espoir, nikisikiliza pumzi, mpaka alipoamka na kulalamika kwamba mkono wangu ni mzito.