Jibu la Jupita Kule Nkoaranga

Mimi hufundisha sayansi kwa kompyuta shule hadi shule, na siku hiyo niliondoka kwa sababu ya simu ya Mwalimu Pallangyo, mkuu wa sekondari moja juu kule Nkoaranga, mama asiyezungusha maneno. "Maabara yangu ina meza na bomba tu. Njoo na hizo kompyuta zako. Kidato cha tatu wasipoelewa safari hii, nafuta fizikia."

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka kwangu Kimandolu, mjini, na laptopu nne mgongoni. Usa River nikachukua bodaboda. Huko juu njia ilikuwa tope tupu kati ya migomba na kahawa, dereva akanishusha mara mbili nitembee.

Saa tatu nilikuwa darasani. "Shikamoo, mama." "Marahaba," mkuu akajibu. "Mimi nakaa nyuma." Akakaa kweli!

Niliwaonyesha pendulamu kwenye skrini: vuta jiwe kwa kipanya, achia, hesabu mibembeo, pima muda, tafuta nguvu ya mvutano. Nikawatajia kabisa jibu la duniani lililo kwenye madaftari yao, tisa nukta nane. Makundi matatu yakaleta hilo hilo. Kichwa kikanivimba kwa fahari.

Katika kundi la nne akasimama binti, Elinipa. "Sisi tumepata ishirini na nne nukta nane."

Darasa likaangua kicheko. Mwenzake akamvuta sketi: "Si upike tu!" Kupika ni kuandika jibu linalotakiwa hata kama hukulipata. Sote tumepika, mimi wa kwanza.

"Umekosea hesabu," nikamwambia.

"Nimerudia mara tatu, mwalimu. Siandiki nisichokipata."

Nikainamia skrini. Lahaula! Jana yake nilichezea programu, nikaiacha kwenye mvutano wa sayari ya Jupita, ishirini na nne nukta nane, halafu nikainakili kwenye laptopu zote nne. Zote! Wale wa tisa nukta nane walikuwa wamepika. Nikakiri mbele ya darasa kwamba kosa ni langu. Mkuu akasimama, nikajua fizikia imekwisha.

"Elinipa, umepima Jupita ukiwa hapa Nkoaranga?"

"Ndiyo, mama."

Akawageukia wengine. "Na nyie mlipima nini?" Wakaanza kufuta madaftari yao. "Fizikia inabaki. Rudieni wote, Elinipa awasimamie."

Jioni nilirudi mjini. Nimejifunza kutotaja jibu kabla ya kipimo, na sasa nakagua mashine zangu mara mbili. Mke wangu akaniuliza kama vijana wameelewa.

"Mmoja amenibishia mbele ya mkuu wake," nikamjibu, "na alikuwa sahihi. Wallahi nimemjivunia kama nimemzaa mimi."