Uwele Ulioachwa Nyuma

Alute alikuwa balozi wa nyumba kumi upande wa mashariki ya Ilongero. Alikuwa mkulima kama wenzake, mwenye ng'ombe wanane na mizinga michache ya nyuki, ila alijua kusoma na alizungumza vizuri mikutanoni. Ubalozi aliupenda.

Mwaka 1973, baada ya mavuno, watu waliambiwa wahamie kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Nyumba zake kumi zilipewa lori moja kwa siku mbili. Alute alitaka ziwe za kwanza kumaliza, maana mkutano wa tarafa ulikuwa karibu na alishaanza kupanga atakayosema.

Dada yake mkubwa, Damari, aliyefiwa na mume miaka mitatu nyuma, alikuwa na kihenge kilichojaa uwele wa misimu miwili. Hakuwa mtu wa kugusa mavuno mapya kabla ya kuona mvua inayofuata imekaa sawa. Jioni ya siku ya pili, lori lilipokwisha kupakiwa vitanda na nguzo za watu, alimwomba mdogo wake lirudi mara moja tu kuchukua nafaka.

Alute akamwambia mafuta yamekwisha. Haikuwa kweli. Alitaka tu orodha yake ifungwe siku hiyo.

"Dada, kule tunalima mahindi," alisema. "Mbegu nzuri zinakuja. Uwele utaufuata na punda."

Punda hawakupatikana upesi, kila mtu alikuwa anajenga. Nyasi za paa la kihenge zilikuwa zimeezuliwa na kupakiwa loriни pamoja na nyasi za nyumba, na mvua ya kwanza ilinyesha siku tatu mfululizo. Damari alipofika na punda wa kuazima alikuta uwele umeota humo humo ndani, unanuka. Alichambua kutwa nzima, akarudi na debe moja na nusu.

Mvua ikanyesha tena kidogo Desemba, kidogo Januari, kisha jua likakaa. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Majani yakajisokota, na mwezi wa tatu ng'ombe wakaachiwa waingie shambani. Uwele ungestahimili, lakini waliokuwa wameupanda walikuwa wachache, kwa sababu balozi mwenyewe alipita mlango kwa mlango akiwahimiza wapande mahindi.

Watu walikula mlenda bila ugali. Mahindi ya njano ya msaada yalipofika, Elina, kitinda mimba wa Damari, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amebaki mifupa. Surua ikapita kijijini. Elina aliistahimili siku nne tu.

Alute alichimba kaburi mwenyewe, akakataa kupokewa jembe. Hakuna aliyemlaumu. Damari alimshukuru kwa kazi ile kama alivyomshukuru kila aliyekuja.

Msimu uliofuata redio ilihimiza kilimo cha kufa na kupona, lakini Alute hakungoja redio. Alipanda uwele ekari mbili, akazungushia mihogo, akajenga vihenge viwili, na hakuondoka katika nyumba ya mtu kabla ya kuonyeshwa akiba yake. Wengine walimwona msumbufu. Mvua ilipokosea tena, zile nyumba kumi hazikulala njaa, na mkutanoni aliitwa mbele apigiwe makofi. Alisema akili ile ni ya dada yake, si yake, akarudi kukaa. Damari hakuwepo kusikia.

Ilipita miaka sita ndipo akathubutu. Walikuwa wawili tu, wanapepeta uwele uani kwa Damari.

"Dada," alisema, "siku ile ya kuhama, lori lilikuwa na mafuta."

Damari hakuinua uso.

"Najua. Nilijua siku ile ile."

Alute alingoja aseme jingine, hata amtukane. Damari alimwomba amsogezee gunia. Maneno aliyokuwa ameyaandaa miaka yote ile hakuona pa kuyaanzia. Alifanya kazi mpaka jua likashuka, akaaga, akaenda kwake bila kulitaja jina la mtoto. Alijiambia atalitaja siku nyingine. Dada yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, nyumba ya tatu kutoka kwake, wakisalimiana kila asubuhi, naye Alute hakulitaja.