Mbao Isiyolia

Kila asubuhi mjomba wangu alikuwa anapiga hodi kwa ndani. Kabla hajafungua mlango wa chumba chake aliugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, ndipo akatoka. Akifika sebuleni anagonga meza. Akikaa anagonga mkono wa kiti. Mama, ambaye ni dada yake, alikuwa anamwambia, "Hodi inapigwa nje, kaka. Huko ndani nani akukaribishe?" Naye anajibu, "Mbao inakaribisha." Alikuwa seremala, vitanda hasa, na kwa kugonga tu alijua kama mchwa kaingia, kama mti ulipasuliwa mbichi, kama gundi imeachia.

Alikuwa akikaa na mkewe nyumba ya pili, ukuta mmoja na wetu; alipofiwa akahamia kwetu. Kugonga hakuacha, ila sikio hakutega tena. Anagonga, anapita. Nadhani niliyeliona hilo ni mimi peke yangu. Shule niliiacha mapema, na mtu aliyeacha shule anapata nafasi kubwa ya kutazama watu.

Karakana yake ilikuwa ya mabati, nyuma ya nyumba yetu, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: VITANDA VISIVYOLIA. Vijana wa gereji ya jirani hawakuchoka na maneno hayo. "Fundi," wanamwambia, "kitanda kisipolia, majirani watajuaje kwamba nimeoa?" Mjomba hainui kichwa. "Watajua kwa watoto," anasema, huku randa inakwenda. Kwake yeye kulia kulikuwa kasoro. Kiti kikilia, kinarudi karakana. Droo ikilia, inafunguliwa yote na kuanzwa upya.

Hata jeneza la mkewe alilitengeneza mwenyewe. Watu walimzuia, akawauliza wamempata fundi gani mwingine. Lilipobebwa halikulia popote, si kwenye pembe wala kwenye mfuniko. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Kama mwenyewe," maana mjomba naye alisimama pale mpaka mwisho, macho makavu kama vumbi la msumeno.

Baada ya hapo alikula chakula kisichotiwa chumvi asiulize. Siku moja patasi ilimkata kidole gumba akaendelea kutoboa tundu lake mpaka nikamwambia, "Mjomba, unatoka damu." Akakitazama kile kidole kama cha mteja. "Kumbe," akasema, akakifuta kwenye suruali.

Alikuwa na gitaa la zamani, la kiwandani. Mkewe akipiga pasi jioni, yeye anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa anapiga, na mkewe anasema, "Rudia pale pa kushuka." Anarudia. Tulizoea kuusikia wimbo huo mmoja kupitia ukutani, hauna maneno, hauna hata mwisho. Basi siku moja, miezi imepita tangu mazishi, alilitoa gitaa juu ya kabati, akalifuta, akaupiga wimbo wake. Akaacha katikati. Akaligeuza, akaligonga mgongoni.

"Sisikii kitu," akasema.

Kusikia kwetu ni kwa sikio, na ni kwa baridi, na njaa, na uchungu. Mama alichukua lile la sikio, akaanza kuulizia hospitali ya masikio. Mimi nilichukua lile jingine. Mjomba mwenyewe hakuchukua hata moja. Yeye alisema ni plaiwudi.

"Tazama," akamwonyesha mama ukingo wa tundu la gitaa. "Tabaka, gundi, tabaka, gundi. Sauti ikiingia inanasa kwenye gundi. Utasikia nini hapo?"

"Si umelipiga miaka yote unasikia?"

"Nilikuwa sijui kwamba ni plaiwudi."

"Kaka, mchagua jembe si mkulima."

"Mimi si mkulima. Mimi ni seremala, na hii ni mbao mbovu."

Wiki hiyohiyo aliiuza mashine yake ya kuranda, anunue gitaa la mbao halisi. Walikuja watu na gari wakaibeba, sakafuni pakabaki alama ya mafuta. Mama hakugomba, na mama asipogomba ujue jambo limemfika. Aliniambia jikoni, "Ameuza mkono wake. Sasa atakula nyuzi?" Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine. Gitaa zuri likimrudishia kusikia, ataanza upya hata kwa randa ya mkono. Lisipomrudishia, hana tena plaiwudi ya kusingizia.

"Twende wote," mjomba aliniambia. "Wewe huna maneno mengi. Masikio yako hayajachoka."

Mtengeneza magitaa alikuwa mwanamke, na watu wote walimwita Nyuzi. Alikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa ndefu, za kushoto amezikata mpaka kwenye nyama. Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha, kila pembe ina bakuli la maji na sponji ndani yake, ili hewa isikauke na kupasua mbao. Ukutani palikuwa na mbavu za magitaa zilizopindwa kwa moto, bado zimebanwa kwenye kalibu. Mjomba alizipita asizitazame. Zamani angezishika moja moja.

Kabla hajakaa aliweka bahasha mezani, kama mtu anayelipia dawa.

"Baba, subiri kwanza uchague," Nyuzi alisema.

"Nitachagua. Weka tu."

Nyuzi akashusha magitaa matatu akayalaza kwenye blanketi. Alikuwa msemaji. "Gitaa ni mtu," akaanza. "Lina kichwa, shingo, kifua, mbavu, mgongo. Kifua ndicho kinachosema. Mgongo na mbavu ni majirani: wanachukua neno, wanalitia chumvi, wanalirudisha. Haya yote matatu kifua ni kimoja, huu mti mweupe wa jamaa ya msonobari. Majirani ndio tofauti. Huyu mkangazi, huyu mninga, huyu mpingo."

Mjomba aliinama kwenye kile kifua. "Chembamba hivi? Mtu akikohoa si kinapasuka?"

"Ndiyo maana kinasema. Kinene ni bubu."

Akalichukua lile la mpingo, akalipima uzito mikononi. Mgongo wake ulikuwa mweusi na mistari ya kahawia kwa mbali, unang'aa kama sufuria mpya. Akaligonga. "Huu mchwa hauingii," akasema. "Hauozi huu, hata ardhini."

"Hutaki kulizika, baba," Nyuzi akacheka. "Unataka kulipiga."

Hakujua, angejuaje. Nilitazama bakuli la maji. Mjomba uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililonisumbua.

"Tena linalia vizuri sana," Nyuzi aliendelea. "Hebu sikia."

"Linalia?"

"Linalia kuliko yote."

"Mimi maisha yangu yote nimeuza vitu visivyolia."

"Basi leo umepotea njia. Hapa kisicholia tunakitia jikoni."

Mjomba alikaa akaupiga wimbo wake, ule wa pasi. Aliupiga kwa mpingo, kwa mninga, kisha kwa mkangazi. Vidole havikukosea popote, vilikuwa vinafanya kazi vyenyewe kama wafanyakazi ambao tajiri wao amesafiri. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeusikia wimbo huo kupitia ukutani tu, niliona kama ni mara ya kwanza. Mpingo ulishusha sauti nzito mpaka nikaipata kwenye benchi niliyokalia, na zile nyembamba zikawa kama glasi iliyoguswa na kijiko. Hazikwisha mpaka alipoweka kiganja. Mninga ulikuwa na joto, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na bado hajakohoa. Mkangazi ulitoa neno likaeleweka, ukanyamaza. Nyuzi akaleta na la nne, mkangazi uleule lakini kifua cha mwerezi, chekundu kidogo. Hilo lilikuwa laini zaidi, halikusubiri kubembelezwa; unaligusa, linaitika.

"Umesikia tofauti?" Nyuzi akauliza.

"Nimesikia," mjomba akasema. Alisema kama wateja wake walivyokuwa wanasema akiwaonyesha mistari ya mbao.

"Ipi imekukaa?"

"Hii nzito."

"Uzito si sauti, baba. Geukia ukuta."

Akageuka na kiti chake. Nyuzi akapiga lile la mkangazi.

"Mpingo," mjomba akasema.

Akapiga la mninga.

"Mpingo."

Akapiga la mpingo lenyewe, akaliacha lilie mpaka likaisha. Mjomba alikaa mgongo kwetu, mikono magotini. Shingo yake ilikuwa na vumbi la mbao ambalo sijui lilitoka wapi, maana siku nyingi alikuwa hajapasua chochote.

"Hapana neno," Nyuzi akasema, sasa kwa upole. "Wengine husikia baadaye. Unakaa nalo. Kifua kikiwa kipya kimefunga, hufunguka polepole kikipigwa. Miezi, hata miaka."

"Kifua cha nani?" mjomba akauliza.

Nyuzi akacheka, akidhani ni utani. Kisha akaona sicheki.

Mjomba akageuza kiti. Akanitazama mimi, jambo ambalo alikuwa halifanyi. Mara nyingi alitazama kitu nilichoshika.

"Wewe unasikia?"

"Nasikia, mjomba."

"Usinipe pole. Unasikia kweli?"

"Hayafanani hata kidogo."

"Niambie."

Nikamwambia. Mimi kusema sijui, nilimwambia kama nilivyoandika hapa: glasi na kijiko, mtu aliyeamka, neno na kunyamaza. Alikuwa anatazama mdomo wangu kama fundi anayesubiri kusomewa kipimo aandike. Nilipofika kwenye mninga nikasema ule wimbo pale pa kushuka unatia baridi mikononi. Akaitazama mikono yangu. Vinyweleo vilikuwa vimesimama. Akapitisha kidole chake juu yake, kinyume, kama anavyopitisha kwenye ubao uliokwisha kurandwa kuona kama bado una vibanzi.

"Kumbe ile plaiwudi haikuwa na kosa," akasema.

Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Nyuzi alitaka kuongea, nadhani alitaka kuleta gitaa la tano, maana muuzaji akiona mteja anapotea anaongeza bidhaa. Mjomba alimwinulia kiganja. Akalichukua la mninga lililokuwa karibu akaniwekea mapajani.

"Chagua unalolisikia."

"Mjomba, mimi sijui kupiga."

"Utajua. Mimi nilijua ukubwani."

"Na wewe je?"

"Mimi nipishe nipate hewa."

Tulimsubiri. Nyuzi alinifundisha kushika shingo ya gitaa, gumba nyuma, vidole juu, nikaumia ncha za vidole. Duka la miwani chini likashusha mlango wa chuma. Nyuzi akaitazama bahasha, akasema, "Limeshalipiwa. Chukua." Nilichukua la mkangazi lenye kifua cheupe, lile linalosema na kunyamaza. Nyumbani mjomba hakuwepo. Mama aliuliza yuko wapi nikasema anapata hewa. Aliweka chakula chake, akakifunika, asubuhi akakifunua.

Baada ya muda alipiga simu. Alimwambia mama yuko mzima, kuna mahali wanapasua magogo, mbali, mashine zao zina kelele nyingi na hakuna anayeongea na mwenzake mchana kutwa. Alisema tusimtafute. Mama akamuuliza atarudi lini, akasema simu inaisha chaji. Karakana imepangishwa kwa mtu anayeuza matairi, na yale maneno mekundu hajayafuta.

Mama hupenda kuniuliza alitokaje siku ile. Anataka niseme kwamba alisita, au aligeuka, au alinipa neno la kumletea. Vijana wa gereji wana habari zao, kwamba alipandwa na wazimu, kwamba kuna mwanamke. Mimi nilikuwepo na kuna machache ya kusema. Aliinuka, akavuta suruali iliyomkwama magotini. Akamwambia Nyuzi ahsante, akamwita mama, japo Nyuzi ni mdogo kwake. Akafungua mlango bila kuugonga, akashuka ngazi kwa mwendo wake wa kawaida. Nilimwona kupitia kioo cha dirisha, akapita mbele ya duka la miwani, akampisha mtu aliyebeba kioo kikubwa, kisha akashika njia ya kushoto, ambayo si ya kwetu.